Barabara ya Ngomo na ndugu aliye nyuma

Kila mwaka kiangazi kinapoingia, vikundi vya vijana katika parokia zetu huanza kupanga matembezi. Wengine huenda kwa miguu, wengine kwa mtumbwi, na siku hizi wengi hupenda kwenda kwa pikipiki, marafiki pamoja, katika barabara za mlimani. Na kila mwaka swali lile lile hurudi kwa wazazi na kwa viongozi wetu: je, matembezi ya namna hiyo yaruhusiwe au yakatazwe? Sisi tunaoandika tumefanya safari hiyo mara mbili, katika barabara ile ile. Mara ya kwanza tuliifanya vibaya. Tunaomba kusikilizwa, si kwa sababu tunajua kuliko wengine, bali kwa sababu tulikosa, na kosa letu lilimwumiza mwenzetu.

Maoni yetu tunayasema tangu mwanzo. Matembezi ya pikipiki yasikatazwe. Lakini kundi lisiloweza kutaja, wakati wowote wa safari, mahali alipo mtu wake wa mwisho, kundi hilo lisiondoke nyumbani.

Mteremko

Barabara tunayoizungumzia ni ile itokayo Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo, sehemu ya Barabara ya Taifa namba 5. Aijuaye hahitaji kuelezwa. Asiyeijua na afikirie hivi. Bukavu imekaa kando ya Ziwa Kivu, ambalo uso wa maji yake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Uvira imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 hivi. Kati ya maziwa hayo mawili mto Ruzizi unateremka kwa kishindo katika makorongo, na msafiri naye hana budi kuteremka. Njia huanza kwa upole, ikipita Nyangezi kati ya migomba na mashamba ya mihogo na maharagwe. Kisha mlima unakatika. Kutoka hapo kwenda Kamanyola barabara ni ya udongo na mawe, nyembamba, imechimbwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono wa pili bonde. Inajikunja na kujikunjua, kona juu ya kona, hata mtu aliye mbele yako hatua mia moja humwoni tena. Malori yaliyoanguka humo ni mengi, na wasafiri wengi huchagua kuzunguka upande wa Rwanda kwenye lami.

Tulikuwa vijana wanane, kila mtu na pikipiki yake. Zilikuwa pikipiki ndogo, TVS na Boxer, zile zile zinazobeba abiria mjini. Baadhi yetu hupata riziki kwazo, wengine walikuwa wamekodi. Ilikuwa mwezi wa saba, miaka kadhaa iliyopita, wakati njia ilipokuwa tulivu kuliko leo. Asubuhi tulikusanyika katika uwanja wa parokia. Tulisali, tukaimba, tukapiga picha. Hakuna aliyekagua breki.

Mizigo tulimpa mdogo wetu. Alikuwa na umri wa miaka 19, na alikuwa amejifunza kuendesha miezi michache tu. Tulimfungia nyuma sufuria kubwa, unga, kifurushi cha sambaza wakavu na dumu la maji, kwa sababu katika desturi yetu mdogo ndiye abebaye. Wala hakunung'unika. Mmoja wetu alimwazima kofia ngumu, ile tunayoiita kaske, akamfunga ukanda wake kidevuni kwa mikono yake mwenyewe. Katika siku ile nzima hilo ndilo jambo moja tulilomtendea vema.

Tulipofika juu ya mteremko, aliyetuongoza alisimama akatufundisha jambo ambalo madereva wengi hulifanya: wekeni gia huru, zimeni injini, mlima wenyewe utatushusha, na mafuta tutayabana. Sote tulitii, maana mafuta ni ghali. Kisha tukaondoka mbio, mmoja baada ya mwingine.

Wakati wa kiangazi barabara ya Ngomo ni vumbi tupu. Pikipiki ya kwanza hulitimua, ya pili hulila. Basi kila mtu hutafuta kumpita mwenzake ili apate hewa, au humwachia nafasi kubwa ili vumbi litue. Katika dakika chache vioo vyetu vya kutazamia nyuma vilikuwa vyeupe. Hatukuvifuta. Njiani tuliwapita akina mama waliokuwa wakipanda na mizigo mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa kwenye paji la uso, kama tunavyowaona kila siku katika milima yetu. Waligeukia ukuta wa mlima, wakafunika nyuso zao kwa vitenge mpaka tulipokwisha kupita. Hatukupunguza mwendo.

Tulifika Kamanyola tukiwa wekundu kwa vumbi na wenye furaha nyingi. Tulikaa chini ya mwembe, tukanawa nyuso, tukamsifu aliyetangulia, tukamcheka aliyeteleza. Kisha njaa ikatushika, tukataka kupika. Mmoja wetu akauliza: «Sufuria iko wapi?»

Ndugu vijana, tunaomba mlitazame swali hilo vizuri, kwa maana sisi hatujaacha kulitazama mpaka leo. Hatukuuliza mdogo wetu yuko wapi. Tuliuliza sufuria. Kama asingekuwa amebeba chakula chetu, hatujui tungemkumbuka saa ngapi.

Nusu saa ilikuwa imepita. Wawili kati yetu walipanda tena mlima, na walimkuta kwenye kona moja, ameketi upande wa ukuta, uso umebadilika rangi. Mama wawili walikuwa wameketi naye. Mmoja alikuwa amefungua kitenge chake na kuufunga mkono wa kijana shingoni ili usitikisike. Wa pili alikuwa akimpa maji kidogo kidogo. Walikuwa wale wale tuliowatimulia vumbi. Yule mkubwa kwa umri aliwatazama wenzetu, akawauliza bila hasira: «Wanangu, huyu ni wenu?»

Walijibu kwamba ni wetu. Lakini walituambia baadaye kwamba neno hilo lilikuwa gumu kutoka kinywani.

Kwa nini alianguka

Mfupa wake wa mtulinga, ule ulio kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Kofia yake ilikuwa imepasuka upande mmoja. Kichwa kilichokuwa ndani yake kilikuwa kizima. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa ajali za pikipiki wameona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Tulikuwa wanane, na wanne kati yetu hawakuwa na kofia siku ile.

Breki zilimwishia. Si kwamba zilikatika. Zilichoka kwa moto. Katika pikipiki ndogo kama zetu, breki ya nyuma hufanya kazi kwa vipande viwili vinavyosuguana na ukuta wa ngoma iliyo ndani ya gurudumu. Ukiikanyaga bila kuiachilia katika mteremko mrefu, ngoma hupata joto kali, na vipande hupoteza uwezo wa kushika. Mguu unakanyaga, gurudumu halisikii. Ndiyo maana mwendeshaji mzoefu hashuki mlima kwa gia huru. Huingiza gia ndogo, ya kwanza au ya pili, akaiacha injini yenyewe izuie mwendo, na breki akaitumia kwa vipindi vifupi kabla ya kona. Mwenye mzigo mzito anahitaji jambo hilo kuliko wote. Na sisi tulimpa mdogo wetu mzigo mzito kuliko wote, kisha tukamfundisha kuzima injini.

Alipoona breki hazishiki, alichagua ukuta badala ya bonde. Alijigonga kwa makusudi upande wa mlima. Uamuzi huo aliufanya peke yake, kwa muda mfupi sana, na ndio uliomwokoa.

Tulimwuliza kwa nini hakupiga honi. Alijibu: «Nilipiga. Nilisikia pikipiki zenu mbali kidogo, nikawaza, watasimama kwenye kona ijayo. Halafu sikusikia kitu.»

Hatukumwuliza neno lingine.

Msafara ni nini

Habari hiyo ilipofika parokiani, wazee wetu waliudhika, na walikuwa na haki. Wengine walisema pikipiki ni mashine ya kifo na barabara ya Ngomo ni kaburi, basi vijana na waimbe kwaya. Tunawaheshimu. Lakini tunaona kwamba neno hilo linaipa lawama barabara na kuiacha ilipostahili kukaa, yaani kwetu. Barabara haikumsahau mtu. Sisi ndio tuliosahau.

Tena, katazo hilo lingemlinda nani? Vijana wengi wa parokia zetu wako juu ya pikipiki kila siku tangu alfajiri mpaka usiku, wakibeba wagonjwa, wanafunzi, magunia na wachuuzi, katika milima hii hii, kila mtu peke yake. Tukikataza matembezi ya pamoja, hatupunguzi pikipiki hata moja barabarani. Tunapunguza tu nafasi ya kujifunza kwenda pamoja.

Na kwenda pamoja ni kitu kinachofundishwa. Sisi tulidhani kwamba watu wanane walioondoka saa ile ile kwenda mahali pale pale ni msafara. Sivyo. Hao ni watu wanane. Injili ya Luka inatusimulia kwamba Maria na Yosefu, wakitoka Yerusalemu, walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo kati ya jamaa na marafiki, kumbe hayumo. Wazazi wale hawakuwa wazembe wala hawakukosa upendo. Walidhani tu kwamba katika watu wengi hivyo hapakosi mtu aliye naye. Hii ndiyo hatari ya kundi lolote: kila mmoja huamini kwamba mwingine anaangalia. Wao walirudi njia yote, wakamtafuta siku tatu. Sisi tulirudi kwa ajili ya sufuria.

Methali ya haraka haraka haina baraka tunaijua sote, na asubuhi ile tuliambiana kwa mzaha. Lakini mwendo wa pole hautoshi peke yake. Mdogo wetu alikuwa akienda pole kuliko wote, na ndiye aliyeumia. Msafara unahitaji kitu zaidi ya upole: unahitaji kila mtu ajue ni nani amekabidhiwa kwake.

Kanuni tulizojiwekea

Baada ya mfupa kupona, tulikaa pamoja na mdogo wetu tukaandika kanuni. Nyingi si zetu. Waendeshaji wa pikipiki wanaosafiri kwa makundi katika nchi nyingi huzifuata. Tunazitoa hapa ili kila kikundi kizipime.

Kwanza, kila mtu anawajibika kwa yule aliye nyuma yake, si kwa aliye mbele. Usipomwona kwenye kioo, punguza mwendo. Usipomwona bado, simama. Ukisimama wewe, aliye mbele yako hatakuona, naye atasimama. Hivyo habari itapanda mpaka kwa kiongozi bila simu na bila kelele. Kanuni hii moja ingetosha kutusimamisha mlimani siku ile, kona moja tu mbele yake.

Pili, mwenye uzoefu mdogo huwekwa wa pili, mara nyuma ya kiongozi, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Mwendeshaji bora kuliko wote hukaa mwisho, akiwa na spana, kamba, bendeji na maji. Watu hudhani mahali pa heshima ni mbele. Katika mlima mahali pa heshima ni nyuma, pale penye vumbi.

Tatu, kwenye njia panda yoyote mmoja husimama mpaka wa mwisho apite, na kabla ya mteremko wote husimama na kuhesabiana kwa majina.

Nne, mizigo hugawanywa kadiri ya nguvu na uzoefu, si kadiri ya umri.

Tano, usiku wa kuamkia safari breki, minyororo, matairi na taa hukaguliwa na mtu asiye mwenye pikipiki, kwa maana mwenyewe huzoea ubovu wake. Asiye na kofia ngumu haondoki, na kofia isiyofungwa kidevuni haihesabiwi kuwa kofia.

Sita, hakuna kupitana ndani ya kundi, hakuna kuzima injini mteremkoni, na kila kona isiyoonekana mbele hupigiwa honi. Lori lipandalo na mzigo huachiwa njia.

Saba, waendao kwa miguu hupitwa polepole. Mama mwenye gunia la makaa mgongoni hana mahali pa kukimbilia. Vumbi letu si salamu.

Mara ya pili

Wengine watasema kanuni hizo zinaua raha ya safari. Sisi tulifikiri hivyo pia. Kiangazi kilichofuata tulirudi Ngomo, wale wale wanane. Mdogo wetu aliomba mwenyewe kwenda, na alikaa wa pili. Aliyekuwa ametuongoza mara ya kwanza aliomba kukaa mwisho, akala vumbi njia nzima.

Safari ile ilichukua muda mrefu zaidi. Ndipo tulipogundua kwamba mara ya kwanza hatukuwa tumeona kitu. Tulipoulizwa nyumbani, hakuna aliyeweza kueleza jinsi nchi ilivyo pale juu. Sote tulikuwa tumetazama gurudumu la aliye mbele. Mara hii, kwa sababu ya kusimama na kuhesabiana, tuliona. Chini yetu bonde la Ruzizi lilikuwa limefunguka, pana na la rangi ya manjano kwa jua, na mto ukipita katikati kama kamba iliyotupwa bila kunyooshwa. Ng'ambo ilikuwa Rwanda, na kusini yake Burundi. Mmoja wetu aliyesoma jiografia alitueleza kwamba bonde hilo ni sehemu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inapasuka polepole, na kwamba zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia yake. Ndipo ziwa lilipojaa na kutafuta mlango wa kusini, kwa Tanganyika. Tulimsikiliza tukiwa tumeketi kwenye mawe. Kilomita chache tu zilizobaki zilikuwa za kuteremka kutoka kwenye hewa baridi mpaka kwenye joto la uwanda, na tuliona jinsi majani, ndege na nguo za watu zinavyobadilika kwa kila kona.

Tulikwenda mpaka Uvira. Tulipopita Sange tulizima injini kwa dakika chache. Hapo, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wao wakaaji wa hapo waliokuwa karibu na barabara. Barabara si uwanja wetu wa michezo. Ni kizingiti cha nyumba za watu wengine, nasi tunapita juu yake. Jioni tulikula ugali kwa ndagala kando ya Tanganyika. Sufuria ilikuwa imebebwa na mkubwa wetu.

Tunajua kwamba wengi wenu mnaosoma leo hamwezi kwenda Ngomo hata mkitaka, kwa sababu ya vita na hofu iliyo barabarani. Siku ya amani itakuja, na barabara zitafunguka. Tunachoomba ni kwamba siku hiyo isitukute bado tukishindana nani atafika kwanza. Na kabla ya hapo kila mmoja wetu yumo katika msafara fulani: darasa, kwaya, familia, mtaa. Katika kila mmoja yupo mtu wa mwisho, aliyepewa mzigo mzito kwa sababu hanung'uniki. Mama yule wa mlimani bado anatuuliza, bila hasira, kama huyo ni wetu. Tufute vioo vyetu, ili tuwe na jibu kabla ya kuulizwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani huwa wa mwisho, na ni nani amekabidhiwa kumwangalia?

2. Mizigo ya kikundi chetu (kazi, michango, usafi, mapishi) tunaigawa kwa haki, au tunampa asiyenung'unika?

3. Je, kati yetu wako waendesha pikipiki za abiria? Wanahitaji nini ili wafanye kazi yao bila kuhatarisha maisha, na kikundi kinaweza kuwasaidiaje kupata kofia ngumu?